Maisha ya Sir Hugh Cairns, Daktari wa Vichwa

Wazee wetu husema ajali haina kinga. Methali hii tumeisikia tangu utoto, nasi huikumbuka kila gari lipindukapo au mtu aangukapo na baisikeli. Ni neno la kuwafariji waliopatwa, na kwa kazi hiyo ni neno jema. Lakini likitumiwa kabla ya ajali huwa neno la hatari, maana humfanya mtu akunje mikono na kungoja. Katika kurasa hizi nataka kuwasimulia wenzangu, pamoja na kaka zetu waliokwisha kumaliza masomo hapa, habari za daktari mmoja ambaye hakukubali kukunja mikono. Hakuizuia ajali hata moja. Lakini alionyesha kwa hesabu kwamba hata kama ajali haina kinga, kichwa kinayo.

Sababu ya kumchagua mtu huyu ni hii. Huku kwetu Kigezi barabara hupanda na kushuka vilima bila kupumzika, na baisikeli ndiyo miguu ya watu wengi. Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa kidato changu alishuka sokoni na baisikeli ya kuazima. Kwenye kona ya pili waya wa breki ya nyuma ulikatika. Akaibana breki ya mbele kwa nguvu zake zote, gurudumu la mbele likasimama, naye akarushwa juu ya usukani na kupiga kichwa juu ya jiwe. Mimi nilikuwa nikija nyuma kwa miguu, nikawa wa kwanza kumfikia. Alikuwa akipumua, lakini hakuitika. Alizinduka siku ya pili hospitalini, akaniuliza jina langu, naye tumekaa dawati moja miaka mitatu. Sasa amerudi darasani, twamshukuru Mungu, ila mara nyingi somo la asubuhi huwa limemtoka kabla ya jioni. Nilipokuwa nikitafuta maktabani habari za watu walioumia kichwa, nilikutana na jina la Hugh Cairns.

Hugh William Bell Cairns alizaliwa tarehe 26 Juni, 1896, katika mji wa Port Pirie, bandari iliyoko Australia ya Kusini. Baba yake alikuwa seremala aliyetoka Scotland. Kutoka Port Pirie wazee wake walihamia Riverton, mji mdogo wa wakulima, na huko ndiko mtoto alikoanza shule. Alikuwa hodari wa masomo, akaendelea hata Adelaide High School, na kisha akaingia Chuo Kikuu cha Adelaide kusomea udaktari.

Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta chuoni. Mwaka wa 1915 alijiunga na jeshi la Australia katika kikosi cha matabibu, hali bado ni mwanafunzi, akapelekwa kisiwa cha Lemnos katika bahari ya Ugiriki. Huko ndiko walikoletwa majeruhi wa mapigano makali ya Gallipoli. Kijana wa miaka kumi na tisa, umri kama wangu huu, aliona kwa macho yake mambo ambayo wengi wetu hatuyaoni maisha yetu yote. Baadaye alirudi kwao kumaliza masomo. Mwaka wa 1917 alipata shahada yake, na mwaka huo huo alichaguliwa kupata msaada wa Rhodes wa kwenda kusoma Oxford, Uingereza. Lakini vita vilikuwa havijakwisha, naye hakwenda Oxford moja kwa moja; alirudi kwanza jeshini akiwa daktari mwenye cheo cha kapteni, akatumika Ufaransa.

Aliingia chuo cha Balliol, Oxford, mwaka wa 1919. Wale wanaodhani kwamba wasomi hawachezi michezo na wajue kwamba mwaka wa 1920 Cairns alikuwa mmoja wa wapiga makasia wa Oxford katika mashindano makubwa ya mashua dhidi ya Cambridge. Cambridge walishinda. Mwaka uliofuata alimwoa Barbara Smith, binti wa mkuu wa chuo cha Balliol. Kisha akaenda kufanya kazi katika London Hospital, iliyoko upande wa mashariki wa jiji, kwenye mitaa ya watu maskini.

Siku zile kupasua kichwa ilikuwa kazi ya kutisha. Ubongo ni laini kuliko uji uliopoa, nao umejaa mishipa myembamba ya damu. Mishipa hiyo ikikatwa, ni vigumu mno kuizuia isitoke damu. Katika Uingereza walikuwa wachache sana waliojitolea kwa kazi hiyo tu. Wengi walikuwa madaktari wa upasuaji wa kila namna, leo tumbo, kesho mguu, na kichwa mara moja moja. Wagonjwa wengi walikufa mezani au siku chache baadaye.

Aliyekuwa bingwa wa kazi hiyo duniani alikuwa Mmarekani, jina lake Harvey Cushing, katika hospitali ya Peter Bent Brigham mjini Boston. Mwaka wa 1926 Cairns, kwa msaada wa fedha za Rockefeller, alisafiri kwenda kujifunza kwake. Cushing alikuwa mwalimu mkali sana. Alipasua polepole, saa baada ya saa, akizuia kila tone la damu kabla ya kuendelea mbele. Kila mgonjwa aliandikiwa habari zake zote, na aliyekufa alichunguzwa ili ijulikane ameuawa na nini. Ilitokea kwamba mwezi wa Oktoba mwaka huo huo Cushing alianza kutumia chombo cha umeme cha kukatia nyama na kuifunga mishipa ya damu papo hapo, chombo ambacho kilibadilisha kazi ya upasuaji hata leo. Cairns alikuwepo. Lakini nadhani jambo kubwa zaidi alilolipata Boston ni ile tabia ya kuandika kila kitu na kuhesabu. Baadaye tutaona matunda yake.

Alirudi London mwaka wa 1927, akaanza kufanya kama alivyofunzwa. Kidogo kidogo aliacha upasuaji mwingine, akashika kichwa na uti wa mgongo tu. Sifa zake zikaenea, akawa mtu wa kuitwa kila mahali palipotokea jambo zito.

Basi mwezi wa Mei, 1935, akaitwa. Twajua sote habari za yule Mwingereza T. E. Lawrence, aitwaye Lawrence wa Arabuni, aliyepigana pamoja na Waarabu juu ya Waturuki katika Vita Kuu ya Kwanza. Alipona risasi za jangwani. Baada ya vita alipenda sana pikipiki, akawa na kadhaa za aina ya Brough Superior, zilizokuwa na mbio kuliko karibu zote za siku zile. Tarehe 13 Mei, 1935, alikuwa akitoka kambi ya Bovington kurudi nyumbani kwake Clouds Hill, mwendo mfupi tu. Barabara ilikuwa na mabonde ya kupanda na kushuka, kama zetu. Mbele yake, bondeni, walikuwako wavulana wawili wa baisikeli. Hakuwaona mpaka alipokuwa karibu sana. Alijaribu kuwakwepa, akamgusa mmoja kwa nyuma, akarushwa mbali na kuangukia kichwa. Kichwa kilikuwa kitupu. Wavulana wale walipona. Lawrence alilala siku sita bila kuzinduka, akafa tarehe 19 Mei, akiwa na umri wa miaka 46.

Cairns alikuwa mmoja wa madaktari waliomtazama. Hakuwa na la kufanya. Ubongo ulikuwa umeumia mno, na ubongo uliopasuka haushoneki kama ngozi. Hebu fikirini: daktari amekwenda mpaka Marekani kujifunza, amekuwa bingwa katika nchi nzima, naye anasimama mbele ya kitanda mikono mitupu. Watu walioandika habari za maisha yake husema kwamba kifo hiki ndicho kilichomfanya aanze kufikiri juu ya watu wa pikipiki, jinsi wanavyokufa, na kama vifo hivyo vyaweza kuzuiwa kabla ya kufika hospitalini.

Kofia ngumu yenyewe haikuwa kitu kigeni. Mwaka wa 1914, katika mashindano ya pikipiki ya kisiwa cha Man, wapanda pikipiki walikuwa wamelazimishwa kuivaa, kwa juhudi ya daktari mmoja aitwaye Eric Gardner. Lakini hiyo ilihesabiwa kuwa nguo ya mashindano. Mtu wa kawaida aliyekwenda kazini aliona haya kuivaa, kama vile leo mtu anavyoona haya kuivaa juu ya baisikeli.

Kabla hajapata nafasi ya kulifuata jambo hilo, Cairns alikuwa na kazi nyingine kubwa. Alitaka Oxford iwe na shule ya udaktari iliyo kamili. Fedha zilitoka kwa Lord Nuffield, tajiri wa kiwanda cha magari ya Morris, ambaye mwaka wa 1936 alitoa sadaka kubwa, iliyofika pauni milioni 2. Yafaa tujue kwamba Nuffield huyo, alipokuwa kijana aitwaye William Morris, alianza maisha kwa kutengeneza baisikeli katika nyumba ya baba yake pale pale Oxford. Hivyo faida iliyoanzia kwenye spoki na minyororo ilirudi kuwatibu watu. Mwaka wa 1937 Cairns akawa Profesa wa kwanza wa Upasuaji wa Nuffield.

Vita Kuu ya Pili vilipoanza mwezi wa Septemba, 1939, jeshi lilimhitaji, akapanda hata cheo cha brigedia. Alichukua majengo ya St Hugh's, chuo cha wasichana cha Oxford, na mwaka wa 1940 yakawa hospitali ya askari walioumia kichwa. Aliunda pia vikosi vidogo vya madaktari wenye magari, vya kufuata jeshi na kupasua vichwa karibu na uwanja wa vita, ili majeruhi wasife njiani.

Lakini hospitalini pale aliona jambo la ajabu. Askari wengi walioletwa hawakuumizwa na adui. Walikuwa wameanguka na pikipiki. Jeshi lilikuwa na matarishi wengi wa kupeleka barua na amri kwa pikipiki, usiku na mchana. Na usiku wa Uingereza wakati ule ulikuwa giza tupu, maana taa za barabarani zilizimwa na taa za magari zilifunikwa, ndege za Wajerumani zisione pa kutupa mabomu.

Hapo ndipo tabia aliyojifunza Boston ilipofanya kazi. Cairns alianza kuhesabu. Mwezi wa Oktoba, 1941, alichapisha makala katika gazeti la madaktari wa Uingereza. Alilinganisha miezi 21 ya kabla ya vita na miezi 21 ya mwanzo ya vita. Katika muda wa kwanza watu 1,884 wa pikipiki, pamoja na waliopakiwa nyuma, walikufa katika Uingereza. Katika muda wa pili walikufa 2,279, yaani nyongeza ya 21 katika kila 100, ijapokuwa petroli ilikuwa ikitolewa kwa kipimo. Na katika vifo alivyovichunguza, kama theluthi mbili zilitokana na kuumia kichwa.

Kisha akatafuta walioanguka hali wamevaa kofia ngumu. Aliwapata saba tu. Wote saba walikuwa hai.

Mtu mwenye akili ataniambia kwamba saba ni wachache, na kwamba huenda walianguka pazuri. Ni kweli, na Cairns alilijua hilo. Hakudai kwamba amemaliza ubishi. Lakini aliona kwamba ni vibaya kungoja mamia wafe ili hesabu inenepe. Jeshi lilimsikia. Mwezi wa Novemba, 1941, amri ilitoka kwamba kila askari apandaye pikipiki kwa kazi lazima avae kofia ngumu.

Hakuacha hapo. Alifanya kazi pamoja na mtaalamu wa fizikia, A. H. S. Holbourn. Huyu alitengeneza mifano ya kichwa, fuvu la nta na ndani yake jelatini laini badala ya ubongo, akaipiga na kuizungusha ili aone inakuwaje. Alionyesha kwamba kichwa kikizungushwa ghafula, fuvu huenda na ubongo hubaki nyuma, hata nyuzi zake zikavutwa na kukatika. Ndiyo maana mtu aweza kuumia ubongo hata kama ngozi ya kichwa haina jeraha. Mwaka wa 1943 wawili hao waliandika habari za watu 106 walioanguka hali wamevaa kofia. Waliovaa walivunjika fuvu mara chache zaidi, na ule usahaulifu wa baada ya kuanguka, ambao mimi nimeuona kwa mwenzangu, ulikuwa mfupi zaidi.

Kofia za jeshi siku zile zilikuwa za namna mbili, moja ya mpira mgumu na nyingine ya nyuzi kama za karatasi zilizoshindiliwa pamoja. Ndani zilikuwa na mikanda iliyoshika kichwa mbali na ukuta wa kofia. Kanuni yake si ngumu, na kila aliyesoma fizikia ya kidato cha tatu aweza kuifahamu. Ganda la nje hulitawanya pigo lisikae mahali pamoja. Kilicho ndani hukipa kichwa nafasi ya kusimama polepole badala ya kusimama ghafula. Mtu akirukia mchanga hasikii maumivu kama akirukia saruji, ingawa ameruka kutoka urefu ule ule.

Mwaka wa 1946, vita vimekwisha, Cairns alitoa hesabu ya vifo vya watu wa pikipiki mwezi kwa mwezi tangu mwaka wa 1939. Vilikuwa vimepungua sana tangu kofia zilipoamriwa. Kwa haki tuseme kwamba raia wengi walikuwa wameacha pikipiki zao kwa kukosa petroli, hivyo si vyote vilivyopungua kwa sababu ya kofia. Lakini kofia zilikuwa zimeonyesha thamani yao.

Kazi nyingine za mtu huyu nitazitaja kwa haraka. Mwaka wa 1943 alikwenda Afrika ya Kaskazini pamoja na Howard Florey, Mwaustralia mwenzake kutoka Adelaide, kujaribu dawa mpya ya penisilini juu ya majeraha ya askari. Penisilini hiyo ndiyo ambayo baadaye ilifika katika kila zahanati ya Afrika Mashariki. Mwezi wa Desemba, 1945, alipelekwa kwa ndege mpaka Heidelberg, Ujerumani, kumtazama Jenerali Patton wa Marekani, aliyevunjika shingo ndani ya motokaa iliyogongana na lori. Patton naye alikuwa amepita vitani salama. Alikufa tarehe 21 Desemba. Kwa mara ya pili Cairns alisimama karibu na kitanda cha shujaa aliyeshindwa na barabara.

Mwaka wa 1946 mfalme alimpa heshima, akaitwa Sir Hugh. Aliendelea kufundisha Oxford, na vijana aliowafundisha wakaenda kufungua vyumba vya upasuaji wa ubongo mahali pengi. Kisha akashikwa na saratani. Alikufa Oxford tarehe 18 Julai, 1952, akiwa na umri wa miaka 56 tu. Maktaba ya madaktari katika hospitali ya John Radcliffe, Oxford, iliitwa kwa jina lake.

Hakuiona sheria ikitungwa. Jeshi lilikuwa limetii mwaka wa 1941, lakini raia wa Uingereza hawakulazimishwa kuvaa kofia juu ya pikipiki mpaka mwaka wa 1973, miaka 32 baada ya makala yake ya kwanza. Wengi walibisha kwamba ni uhuru wa mtu kuvaa au kutovaa. Katika nchi yake ya kuzaliwa mambo yalikwenda mbele zaidi: jimbo la Victoria, Australia, lililazimisha kofia kwa pikipiki mwaka wa 1961, na mwaka wa 1990 likawa la kwanza duniani kuzilazimisha kwa baisikeli.

Sasa nirudi kwenye vilima vyetu. Wako vijana Ulaya na Marekani wanaoshuka milima kwa baisikeli kwa furaha tu. Mchezo huo ulikua katika miaka ya 1970 katika milima ya Marin, California, ambako vijana walishuka na baisikeli kuukuu zenye matairi manene, mpaka grisi ya breki ikaungua na kutoa moshi. Sisi hushuka na magunia ya viazi, si kwa mchezo. Lakini mawe ni mawe, na kichwa ni kile kile. Waliyojifunza wao kwa kuumia yatufaa na sisi.

Kwanza kofia, au helmeti kama wengi wanavyosema. Ya baisikeli ina povu gumu jepesi ndani, ambalo hubonyea na kupondeka ili kichwa kisipondeke. Povu likipondeka halirudi, kwa hiyo kofia iliyokwisha kuanguka na mtu haifai tena, hata kama kwa nje yaonekana nzima. Ndiyo sababu kununua kofia iliyotumika, usiyoijua habari zake, ni kubahatisha. Ikae sawa juu ya paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi, wala isiwe imesukumwa nyuma kama kofia ya sherehe. Mikanda ikutane chini ya masikio, na ule wa kidevuni ukazwe hata ubaki upenyo wa kidole kimoja au viwili. Ukitikisa kichwa nayo ikacheza, ni kubwa mno. Kofia ya fundi wa ujenzi haifai. Imetengenezwa kwa jiwe litokalo juu, nayo humtoka mtu arushwapo. Kwa wale washukao miteremko mikali yenye miamba, iko kofia yenye kufunika hata kidevu na meno.

Baada ya kichwa, mikono. Mtu aangukapo hutanguliza viganja, kwa hiyo glavu zafaa. Viatu vifunike vidole vya miguu. Kandambili huteleza juu ya pedali. Magoti na viwiko vina vikinga vyake kwa anayeweza kuvipata. Suruali ifungwe isikamatwe na mnyororo.

Lakini mavazi yote hayo hayawezi kuwa badala ya breki. Kabla ya kushuka, bana breki zote mbili na usukume baisikeli. Zisiposhika, shuka kwa miguu. Tazama nyaya: ukiona uzi mmoja umekatika, zilizobaki hazina siku nyingi. Njiani punguza mwendo kabla ya kona, si katikati yake. Tumia breki mbili pamoja kwa upole, na mteremko ukizidi peleka mwili nyuma ya kiti, pedali zikiwa sawa kwa sawa. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kuliko ya nyuma, na kwa hiyo ndiyo irushayo watu. Mwenzangu hakuambiwa hivyo na mtu yeyote. Wala mimi sikuwa nalijua.

Na mtu akiwa amekwisha kuanguka na kupoteza fahamu hata kwa dakika moja, asipandishwe tena juu ya baisikeli kwa sababu amesimama na kucheka. Akitapika, akisinzia, akikosa kujua alipo, au kichwa kikizidi kumwuma, apelekwe hospitali siku ile ile. Damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu.

Katika banda letu hapa shuleni kuna baisikeli sita, na kofia haipo hata moja. Viranja wamekwisha kukubaliana kwamba waya za breki zitakaguliwa kila Jumamosi, na daftari la ukaguzi limeanzwa; mwenzangu yule ndiye aliyeomba kulishika, kwa kuwa kilichoandikwa, asema, hahitaji kukikumbuka. Zimebaki kofia. Kaka zetu mnaosoma kurasa hizi, mliopanda na kushuka kilima hiki kabla yetu mkapona, mwakijua vizuri kuliko sisi. Kofia sita zatosha kwa kuanzia.